Siku Niliyomsemesha Mkwe

Mkwe wangu alipoingizwa kwenye grupu la familia, mimi nilitoka siku hiyohiyo. Watu wakadhani nimenuna. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyemwingiza, alinipigia kutoka Mwakitolyo anakochimba dhahabu. "Dada, kuna nini tena? Nani kakukosea?" Nikamwambia hakuna aliyenikosea, ila wewe huna adabu. Unanikalishaje sebule moja na mkwe? "Dada, ile ni simu tu." Simu tu! Mle ndani watu wanaamkiana, wanataniana, wewe mwenyewe unatuma vichekesho vya aibu kabla hata jua halijatoka, halafu mimi na mume wa binti yangu tuwe tunavisikiliza pamoja? Thubutu. Nilikaa nje ya grupu, roho yangu ikatulia.

Wasiojua wataniona mshamba, na waniite tu. Sisi Wasukuma wa malezi ya zamani, mama hakai na mume wa binti yake. Hamli pamoja, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Ukiwa na neno la kumwambia unampa binti alipeleke, au unamwambia mtoto aliye karibu kwa sauti kubwa kidogo, na mkwe akiwa upande wa pili wa ukuta anasikia na mambo yanaisha. Vijana wa mjini wameyaacha haya. Mimi nimezeeka nayo, na nimechoka kujieleza. Tangu kijana huyo amuoe binti yangu hatukuwahi kusemezana hata salamu. Nilikuwa nakijua kikohozi chake tu, kwa sababu alikuwa akikaribia nyumba anakohoa kwanza ili mimi nipate nafasi ya kuingia ndani. Kwa hilo nilimpenda sana.

Walihamia kusini na ng'ombe. Huku kwetu malisho yamebanana, kila bonde lina shamba la mtu, kila kichaka kina shimo la mchimbaji. Ukoo wao ukaamua kijana aende na kundi upande wa Kilwa, kwenye bonde lenye nyasi na mto usiokauka, kama Wasukuma wengine wengi walivyokwenda kabla yake. Ng'ombe hawakuwa wake peke yake, walikuwa wa baba yake na kaka zake, na hilo ulishike maana ndilo lililotuumiza. Binti yangu akaenda naye akiwa na mimba. Walijenga karibu na zizi, bondeni kabisa. Mjukuu wangu alizaliwa hukohuko na nilikuwa sijamshika, namjua kwa kilio chake kwenye simu. Wakati ninaousema hapa alikuwa anajifunza kusimama.

Basi, ikaja habari ya kimbunga.

Huku bara kimbunga tulikuwa tunakisikia redioni tu, kinapiga nchi za watu. Safari hii wakasema kiko baharini, kinakuja kwetu, kitaingilia kusini. Ilikuwa msimu wa mavuno. Mji wetu wa Kagongwa wote ulikuwa umeanikwa mpunga, ukipita unakanyaga pembeni pembeni kama mwizi, na mimi nilikuwa na wangu kwenye maturubai mbele ya mashine ya kukoboa. Jirani yangu, ambaye tumeanika pamoja miaka yote na mdomo wake haujui kupumzika, akaniuliza, "Mwenzangu, hiki kimbunga kitatuletea mvua tupoteze mpunga?" Nikamwambia mimi nina mtoto huko wewe unaniuliza habari ya mpunga? Akashika mdomo. "Jamani, nilisahau. Nisamehe." Akaacha kazi yake akaja kukaa na mimi, na hakuondoka.

Sasa ndipo nilipoonja uchungu wa kujitoa kwenye grupu. Habari zote zilikuwa zinaingia mle, na mimi nazipata za kupozwa. Mdogo wangu anasikiliza kwanza, anachuja, ndipo ananitumia. Mengine ya kipuuzi alikuwa hachuji. Shangazi yetu alituma video ya mabati yanaruka hewani kama karatasi na watu wanapiga kelele kwa lugha isiyojulikana, anasema hiyo ndiyo Kilwa sasa hivi, tuombe. Nikamwambia mdogo wangu, muulize shangazi tangu lini watu wa Kilwa wanaongea Kichina. Mwingine akasema wafunge milango na wapake chumvi kizingitini. Mwingine anauliza bahari ina ukubwa gani, inazidi lambo la kunyweshea ng'ombe la kwao? Hapo hata mimi nilicheka, na kicheko chenyewe kikanichosha.

Kwa mzee wa duka la mabati kulikuwa na televisheni, watu wamejaa hadi barazani. Yule mzee ni Mhindi Mwislamu aliyezaliwa Kahama, Kisukuma chake kinazidi cha wanangu. Aliponiona akawaambia vijana wanipishe kiti, akaniamkia kwa Kisukuma na kuniita mama. "Mwadila, mayu. Binti si yuko huko?" Nikamwambia yuko. Akaongeza sauti. Kwenye televisheni wakaonyesha ramani, na baharini kuna kitu cheupe kimejikunja, kinazunguka, kinasogea nchi kavu. Walisema watu wa mabondeni wahame. Walirudia mara nyingi. Mzee akaniangalia akasema, "Watakuwa wameshahama, mama. Nani atabaki?" Nikasema ndiyo, nani atabaki. Lakini nilikuwa namjua atakayebaki.

Nilirudi kwenye mpunga nikamkuta mdogo wangu amenitumia sauti ya binti yangu, safari hii bila kuichuja, maana ilikuwa imemshinda. Binti alikuwa anaongea haraka, na nyuma yake ng'ombe wanalia. Alisema viongozi wa kijiji wamepita asubuhi kuwaambia watu wote wapande shuleni, kilimani. Watu wanapanda. Mto umeanza kutoka nje, mvua haikatiki, upepo umeng'oa paa la jikoni. Ila ng'ombe wamekatazwa. Njia ya kilimani inapita katikati ya mashamba ya ufuta, na wenye ufuta walishagombana na wafugaji mpaka wakashikiana mapanga, kwa hiyo wamesema watu waje, ng'ombe hapana. "Na baba yake mtoto anasema hawezi kuacha zizi. Anasema mimi nitangulie. Na mimi siwezi kumwacha hapa peke yake. Wajomba, mtushauri."

Wakashauri, loo! Kila mtu alikuwa na lake. Mdogo wangu akasema wapande wote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shangazi akasema waombe kwanza. Kisha baba mzazi wa mkwe, aliyeko upande wa Masumbwe, naye akaweka sauti yake mle ndani, na mdogo wangu akaniletea jinsi ilivyo. Mzee aliongea polepole, kwa utulivu wa mtu aliye pakavu. "Mwanangu, upepo una mwisho. Ng'ombe wakiisha wameisha. Mwanaume hakimbii zizi la baba yake." Baada ya hapo grupu lote likanyamaza. Nani atapinga? Ng'ombe ni wake, mtoto ni wake.

Nilikasirika nikasikia masikio yanawaka. Nikampigia mdogo wangu. "Na ninyi mmekaa kimya?"

"Dada, tungesema nini? Sisi ni upande wa mwanamke. Nikimpinga mzee yule, kesho itakuwa kesi ya ukoo."

"Kwa hiyo mwanangu afe kwa adabu yenu?"

Akavuta pumzi. Akasema, "Kuna mtu mmoja tu ambaye kijana yule hawezi kumbishia. Na unamjua."

Nikamwambia funga mdomo wako, nikakata simu.

Jirani alikuwa anasikia yote. Akasema, "Si umpigie." Nikamwuliza, nimpigie nani? "Mkweo." We mama una wazimu? Mimi nimpigie mkwe? Nitaanzaje? Nitamwitaje? Hata jina lake silitamki, mtu nikitaka kumtaja nasema yule, au baba yake mtoto. Jirani hakubishana. Alichukua reki akaenda kugeuza mpunga wangu, wake ukamsubiri. Nikabaki nimekaa juu ya gunia na simu mkononi. Nitakwambia ukweli, niliogopa. Kuna watu wataona ni kitu kidogo, neno kwenye simu. Mimi nililelewa nikiambiwa kwamba mama anayemfunulia mkwe mdomo amejivua nguo. Mama yangu alikufa hajawahi kumsemesha mume wangu, na mume wangu alimzika kwa machozi.

Nikampigia binti. Simu ilishika kwa shida. Nikasikia mvua kabla ya kumsikia yeye.

"Mama, tuombeeni tu."

"Mbona hujapanda?"

"Siwezi kumwacha, mama. Na siwezi kumwamrisha."

Mtoto alikuwa analia karibu kabisa na simu, kile kilio chake ninachokijua, ila sasa kimekauka. Nikasikia maneno yananitoka. "Iweke simu sikioni pake."

"Pa nani?"

"Pa mumeo."

"Mama!"

"Iweke nimesema!"

Kulikuwa na kukwaruza kwaruza, kisha kimya. Siyo kimya cha simu kukatika. Kulikuwa na mtu pale, anapumua, na ng'ombe wanalia nyuma yake. Akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kunipa nafasi ya kuingia ndani. Safari hii sikuwa na pa kuingia. Nikasema, "Ni mimi, mama. Mtoe mwanangu na mjukuu wangu hapo, uwapandishe kilimani. Sasa hivi." Nikakata. Simu ikaniponyoka ikaangukia kwenye mpunga. Jirani akaiokota, akaipangusa, akanirudishia. Nilikuwa naona aibu hata kumtazama.

Haikupita muda mrefu mdogo wangu akapiga anapiga kelele. "Dada! Wamepanda! Mwanao ametuma ujumbe, wako darasani na watu wengine! Ulifanya nini wewe?" Nikamwambia sijafanya kitu. Grupu zima, alisema, wanashukuru, shangazi ameimba. Nikamwambia jirani, wamepanda, naye akapiga kigelegele kifupi pale kwenye maturubai, watu wa mashine wakageuka kutuangalia. Kuna raha ya mtu aliyechoka, haina hata nguvu ya kucheka. Nilikuwa nayo hiyo. Nikaomba maji.

Sijamaliza kunywa, binti akapiga mwenyewe.

"Mama, anarudi."

"Nani anarudi?"

"Baba yake mtoto. Ametufikisha, amenivika koti lake, anarudi bondeni kwa ng'ombe. Nimemlilia, hataki. Nikamwambia mama amesema tupande. Akasema, 'Mama amesema wewe na mtoto. Mimi hakunitaja.'"

Ilikuwa kweli. Mtu asiyemsemesha mkwe hajui hata namna ya kumweka kwenye sentensi. Nilitaja wangu wawili nikakimbia, na kijana akatii kama nilivyosema, hakupunguza wala kuongeza.

"Mpe simu."

"Mama, ameshaanza kushuka!"

"Mkimbilie! Kimbia!"

Akakimbia. Nilimsikia anavyohema, upepo unapiga kwenye simu, anamwita mumewe, mtoto sijui alimwachia nani. Nikawa nimesimama katikati ya mpunga wangu na viatu vyangu, nimeusahau. Kisha akasema, "Mama anakutaka," na ile pumzi ya mwanaume ikarudi.

Nikasema, "Ng'wana wane." Mwanangu. Neno hilo hakuna mama mkwe anayemwambia mkwe wake usoni, na sijui lilitoka wapi. "Na wewe. Nimekutaja na wewe. Usishuke. Kaa na watu wako hapohapo."

Nikasubiri kikohozi. Badala yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaisikia sauti yake. Ni sauti ndogo, haifanani na mabega yale.

"Na ng'ombe, mayu?"

Mimi ni mtoto wa mfugaji. Baba yangu alikuwa akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, na akifa mmoja tunakaa kama tumefiwa. Nilikuwa najua ananiuliza nini. Alikuwa ananiuliza habari ya baba yake, kaka zake, jina lake, mahari yatakayotoka siku watoto wake wakioa, na nguo gani atavaa mbele ya watu baada ya leo. Nilijua vyote. Nikasema, "Waache."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena ilikuwa haipatikani, mdogo wangu akipiga naye hampati, na grupu lote hawampati. Minara ya kusini ilikuwa imezima.

Jioni ile watu walikuja kwangu kama wanavyokuja msibani, wanaweka ndala mlangoni, wanakaa chini, wanauliza, "Habari zimekuja?" Hazijaja. Wanatikisa kichwa. Mzee wa mabati alifunga duka mapema akaja na sukari na majani, akasema wenzake wa pwani nao hawapatikani, asiyejua kitu asiseme kitu. Nilimshukuru kwa hilo, maana wengine walikuwa wanasema sana. Penye wengi pana mengi. Mdogo wangu alipanda bodaboda kutoka Mwakitolyo akafika na udongo wa duara, lile shimo lao, mpaka kwenye nyusi. Alikaa pembeni yangu akawa anaburuza kidole kwenye grupu, juu, chini, juu, chini. Nikamwambia acha, unanitia kizunguzungu. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli nimemsemesha mkwe. Walikuwa wanajua, na waliniangalia hivyo.

Habari ilikuja kesho yake, jua likiwa limeshakuwa kali. Binti alipiga kwa simu ya mwalimu mmoja. "Tuko hai, mama. Wote. Na yeye." Alirudia "na yeye" kama mtu anayemwonyesha mwenzake risiti. Nikakaa chini pale nilipokuwa nimesimama. Nikalia kwa sauti, sikujali nani anaona.

Mengine aliyasema baadaye, alipofika nyumbani. Baada ya simu ile, mumewe alirudi akakaa mlangoni mwa darasa, akiangalia bondeni ingawa mvua haikuruhusu kuona kitu. Kuona hakukuwezekana, ila kusikia walisikia. Zizi lilikuwa limefungwa, maana alikusudia kurudi. Ng'ombe walilia, upepo ukigeuka sauti inapanda mpaka darasani. Binti alimwambia azibe masikio. Hakuziba. "Alikuwa anawajua kwa sauti, mama. Anasema huyu fulani, huyu fulani. Ilifika mahali akaacha kusema." Maji yalipopungua walishuka wakakuta nguzo chache na matope.

Baba wa kijana aliposikia, hakuuliza kwanza kama mjukuu ni mzima. Aliuliza nani alimwambia aache zizi. Kijana hakunitaja. Alisema aliamua mwenyewe. Kaka zake wakaweka maneno yao, na mdogo wangu akaona ni bora amtoe kwenye grupu kabla hawajamtukana mbele ya watu wa mke wake. Kwa ukoo wao sasa hana hata ndama, na hajarudi Masumbwe tangu hapo.

Hawezi pia kukaa kwangu, mwanaume hakai ukweni. Binti na mtoto wanakaa chumba cha kupanga hapa Kagongwa, yeye yuko Mwakitolyo, anachimba na mdogo wangu. Mtoto wa wafugaji anayeshuka shimoni kwa kamba. Anakuja mara mojamoja kuwaona. Nimesikia amekonda.

Na mimi? Nimerudi nyuma ya ukuta wangu. Watu wanasema, dada, si mlishaongea, yamekwisha, mwamkie tu. Hawajui wanachokisema. Ningekuwa na neno la kumwambia lingekuwa pole, pole ya ng'ombe, na pole hiyo atanipokeaje mimi? Nilimtumia kupitia binti. Akajibu "wabeja," asante, basi.

Ila juzi mdogo wangu alikuja, tukala, kisha akasema kuna jambo amekuwa akijiuliza kama anipe au asinipe. Walikuwa wamekaa juu ya duara wakisubiri kamba, na kijana, ambaye huwa haongei, akamwuliza, "Mjomba, mayu asingepiga ile mara ya pili, mngemlaumu?" Mdogo wangu akamwambia hapana, nani angejua. Kijana akasema, "Hata mimi nisingemlaumu." Akashika kamba akashuka.

Mdogo wangu akaniangalia, anataka nimwambie maana yake. Nilikuwa nimeielewa, kwamba kuna siku kijana anatamani ningemwacha ashuke kwa ng'ombe wake, ila nikamwambia nimechoka, anipishe. Binti na mtoto walikuwa wamekuja kushinda kwangu, na chumba cha pili mjukuu wangu alikuwa ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili, anapiga kelele, "Baba! Baba! Baba!" na upande wa pili sauti ndogo ya mwanaume inaitika kila mara.